Pointi zangu za kuogelea

Wakutanishe watu watatu waliowahi kuucheza mchezo wa kompyuta wa Deus Ex, watabishana juu ya kila kitu isipokuwa jambo moja: ni mjinga tu anayeweka pointi kwenye kuogelea. Huyo mjinga ndiye mimi, na leo nimekuja kujitetea.

Kwa ambaye hajauona: ulitoka mwaka 2000, kazi ya Warren Spector na wenzake wa studio ya Ion Storm kule Austin, Texas. Hadithi yake inatokea mwaka 2052. Kuna tauni inaitwa Gray Death, dawa yake, Ambrosia, ni haba na wakubwa wanapeana wao kwa wao. Wewe ni JC Denton, askari wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, umepandikizwa mitambo midogo mwilini. Unapoanza unapewa pointi 5,000 uzigawe utakavyo kwenye stadi zako: silaha, kompyuta, kufungua kufuli, tiba na nyinginezo. Na kuogelea.

Sisi ulitufikia kama mwaka 2005, Mwanga, Kigoma mjini, kwenye CD ya kuchoma iliyoandikwa DEUS kwa makapeni. Kompyuta ilikuwa ya mjomba, Pentium III ya mtumba, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio. Mchana alichapia watu barua za maombi ya kazi. Jioni ikawa yetu, umeme ukiwepo. Gridi ya taifa ilikuwa haijatufikia, mji mzima ulitegemea majenereta ya dizeli, kwa hiyo binamu yangu alijipa kazi moja tu: kukaa pembeni na kuuliza "umesevu?" kila baada ya dakika mbili, kama mtu asiyeamini kwamba mlango umefungwa. JC naye ana shida hiyo hiyo. Mitambo yake inakula umeme wa mwilini, ukimwishia anabaki mtu wa kawaida gizani. Hapo hatukuhitaji maelezo.

Mengine yote tulihitaji kamusi. Mchezo ule haukuwekei mshale wa kukuonyesha pa kwenda. Namba ya mlango imefichwa ndani ya ujumbe wa mlinzi anayemlalamikia mlinzi mwenzake, nawe utasoma yote, kwa Kiingereza cha kidato cha pili, ndipo uipate. Nilikuwa nazinakili nyuma ya daftari la hesabu. 0451 ninaikumbuka hadi leo; namba yangu ya mtihani wa kidato cha nne nimeshaisahau.

Halafu kuna ile habari ya sura. Mwanzoni unamchagulia JC rangi. Tukamchagua mweusi, bila kufikiri sana. Tulipofika gatini, kaka yake Paul akaja kutupokea, naye mweusi. Kumbe ukimbadilisha mdogo, mkubwa anabadilika naye. Kuna mtu kule Texas alikaa akaona kwamba ndugu sharti wafanane. Binamu alikimbia jikoni kumwita bibi aje kuona. Bibi akaja na mwiko mkononi, akatazama kwa muda, akauliza huyu mdogo amevaaje miwani ya jua usiku. Akarudi kwenye ugali wake.

Sasa kuogelea. Mama yangu ni mtu wa Kasulu, amekulia milimani, na Ziwa Tanganyika alilitazama kama mbwa wa jirani: huenda hang'ati, lakini ya nini kumsogelea? Wenzangu wakienda Kibirizi kuchupa kutoka kwenye mitumbwi, mimi nilibaki mchangani nikilinda nguo zao. Miaka kumi na mitano, mtoto wa Kigoma, mlinzi wa nguo. Kwa hiyo nilipoona kwenye orodha kuna kuogelea, na kwamba kunanunuliwa kwa pointi, sikuuliza bei.

Kazi ya kwanza iko kwenye kisiwa cha Liberty, New York. Magaidi wameiteka Sanamu ya Uhuru, Paul amekueleza unachotakiwa kufanya, amekupa na silaha ya kuchagua. Mimi nikajitosa majini. Nikazunguka kisiwa chini kwa chini, nikitazama ule mstari wa pumzi unavyopungua taratibu kuliko ulivyopungua kwa binamu, ambaye pointi zake zote zilikuwa kwenye bunduki. "Wee, magaidi wako huku!" Nilijua walipo. Ile jioni yote sikumpiga mtu risasi hata moja.

Na mchezo haukunisema. Hoja yangu iko hapo. Haukuniandikia kwamba nimekosea, wala haukunirudisha mwanzo. Uliniacha na uzembe wangu, na baadaye, polepole, ukaupa mahali: mifereji ya Hong Kong, kisha ile maabara iliyo chini ya bahari upande wa California, ambako binamu alikuwa akitapatapa na bunduki zake, mimi napita kama mgebuka. Nakubali, bado ni pointi chache zilizolipa kidogo. Lakini JC wangu alikuwa wangu. Mwendelezo wa mwaka 2003 ulizifuta stadi zote, na risasi wakazifanya za aina moja kwa silaha zote. Nadhani waliogopa tungechanganyikiwa. Mimi nilikuwa nimeshachanganyikiwa miaka yote na nilikuwa naona raha.

Mjomba hakuwahi kucheza. Siku moja tu alisogeza kiti. Tulikuwa kwenye ile kazi ya kuzamisha meli kubwa ya mizigo bandarini New York: unashuka hadi tumboni mwa meli, unatafuta sehemu zilizochomelewa, unazilipua. Mjomba akasema Wajerumani walifanya hivyo hivyo hapa hapa ziwani, mwaka 1916, meli yao Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe isichukuliwe. Ila walitanguliza kupaka mashine grisi, maana walitaka kurudi kuichukua. Waingereza ndio walioiibua, 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Tulikuwa tumeipanda Liemba ile ile bila kujua kwamba ilikaa miaka chini ya maji. Binamu akauliza JC ana grisi? Hakuwa nayo. Tukalipua.

Umeme ukikatika tulitoka barazani. Mji giza totoro, na ziwani huko taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga mamia kwa mamia, utadhani ndiko mjini. Hong Kong ya kwenye kompyuta haikufikia hapo hata kidogo, na kompyuta ya mjomba ndiyo kabisa, ilikuwa inakwama kila unapogeuza kichwa.

Kuogelea kwenyewe nimejifunza ukubwani, kwenye bwawa la hoteli moja Dar es Salaam. Aliyezaliwa kando ya ziwa lote lile, kaenda kufundishwa ndani ya beseni. Mama nilimwambia baada ya kuhitimu.

Mwezi uliopita nimeuweka tena mchezo, kwenye laptopu hii ninayoandikia. Pointi 5,000. Nilizitazama kama dakika tano hivi, nikijifanya mtu mzima anayepima faida na hasara. Paul yuko gatini na maelekezo yake. Itabidi anisubiri, niko majini.