Askofu Tozer hakukimbia

Kati ya maaskofu wa mwanzo wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, William Tozer ndiye aliyebaki na jina la mwoga. Alikuja mwaka 1863 kushika nafasi ya marehemu Charles Mackenzie, akakaa kwa muda mfupi mlimani Morumbala karibu na mto Shire, kisha mwaka 1864 akaihamishia misheni yote Unguja. Livingstone, aliyeihimiza misheni ile iende bara, alikasirika sana.

Lawama hizo zina uzito. Walikuwapo wajane na mayatima waliookolewa utumwani, walioandamana na misheni tangu Magomero, kituo chake cha kwanza, na Tozer hakuwa tayari kuwachukua wote. Horace Waller, mmoja wa wanamisheni, alijitoa kwenye misheni kwa ajili yao. Ziwa Nyasa nalo likangoja hadi 1885, makao yalipowekwa Likoma.

Lakini wanaomlaumu huipita Magomero mbiombio. Mackenzie, mtu mwema kabisa, aliingia vitani na Wayao, vijiji vikachomwa moto. Januari 1862 mtumbwi ulipinduka, dawa zikapotea majini, na homa ikamwua tarehe 31 katika kisiwa cha Malo. Mmisionari mwenzake, Burrup, alimzika giza likiwa limeingia, kitabu hakisomeki, ikabidi ibada aitamke kwa kichwa. Mwezi uliofuata akafa yeye. Mwaka 1863 wakafa wamisionari wengine wawili, Scudamore na Dickinson. Askofu mgeni anakuta hali hiyo, nasi tunamdai apeleke wengine palepale? Livingstone mwenyewe, wakati huo, alikuwa ameshaitwa arudi na serikali yake.

Tazama sasa kilichofuata Unguja. Sultani Majid alimkabidhi Tozer wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Watano tu! Mmoja wao, John Swedi, alikuwa shemasi mwaka 1879. Na 1890 Cecil Majaliwa, mwanafunzi wa misheni hiyo hiyo, akapata upadri. Edward Steere, aliyefika pamoja na Tozer, alipata utulivu wa kukaa na wenye lugha, akatoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870. Mwaka 1876, sasa akiwa askofu, aliongoza watu walioachwa huru kutoka Unguja hadi Masasi. Bara waliifikia, tena na wenyeji wa bara wakiwa ndio wanakijiji wa kwanza.

Kosa la Tozer naliona kwa wale wajane na mayatima. Waller na Livingstone waliwatoa baadhi yao salama, kwa hiyo iliwezekana.