Goli la 1978 Bado Linawalisha

Leo tena fundi mwenzangu hapa Vienna, mzee anayekaribia kustaafu, kaweka simu juu ya meza wakati wa chai, kabonyeza, na sauti ya mtangazaji Edi Finger ikapasuka: "I wer' narrisch!" Jamaa anapiga kelele kwamba anapata wazimu. Hans Krankl kafunga la tatu dakika za mwisho, Austria 3, Ujerumani Magharibi 2, Kombe la Dunia, mjini Córdoba, Argentina, 21 Juni 1978. Mzee kafumba macho. Vijana waliozaliwa juzi wanaitikia neno kwa neno.

Kichekesho ni kwamba siku ile Austria hawakuwa na fainali ya kuwania tena. Uholanzi ilishawachapa 5-1, Italia nayo ikawafunga. Walishinda, wakafungasha mabegi, wakarudi kwao bila kombe. Na bado Krankl ni mfalme! Haki yake nampa: magoli 41 akiwa Rapid, klabu ya hapa Vienna, msimu wa 1977/78, kiatu cha dhahabu cha Ulaya, kisha Barcelona, na msimu wake wa kwanza tu akawa mfungaji bora wa Hispania. Baadaye akarekodi nyimbo, akafundisha timu ya taifa 2002 hadi 2005, Kombe la Dunia hawakufika. Wamemsamehe yote.

Sisi je? 1979, Ndola, Peter Tino anafunga, tunatoka 1-1 na Zambia, Taifa Stars hao Lagos 1980. Goli letu lilitupeleka mahali, bwana! Kurudi AFCON tukangoja mpaka 2019. Sasa muulize kijana wa Kariakoo Tino ni nani. Atakutajia benchi zima la Arsenal.

Najua mtakavyonijia. "Huyu keshaonja viazi vya wazungu, anatudharau." Nimdharau nani? Huku kodi ya nyumba inanitoa jasho, na jirani wa mlango wa pili salamu yangu haitikii. Na kwa shangwe, hawa hawaioni Simba na Yanga hata kwa darubini. Ninachosema ni majina ya viwanja: tuwape wachezaji wetu. Uwanja mkubwa wa Vienna ni Ernst Happel, mchezaji na kocha. Rapid walicheza miaka mingi kwenye uwanja wa Gerhard Hanappi, mchezaji wao aliyekuwa pia msanifu majengo, akauchora mwenyewe. Kwetu ni Mkapa, Sokoine, Ali Hassan Mwinyi, na Iringa tumemwandika Samora wa Msumbiji. Mkapa muacheni, uwanja ulianza kujengwa enzi zake. Hao wengine walifunga mangapi?

"Wachezaji wa zamani wanahitaji matibabu, wewe unaleta habari za majina!" Kwani nani kasema tuchague kimoja? Mchango wa hospitali tunautoa mtu akishalazwa, tena kwa kusukumana kwenye magrupu. Jina halimsubiri mtu augue. Ni kopo la rangi na fundi wa kuandika. Kama fungu hakuna, nitumieni namba, nalipa mimi. Ila nikija likizo nikute mmeandika mheshimiwa mwingine, tutagombana.