Mekapu ya kupuliza au ya mkono? Kwa baridi hii ya Mbeya, mimi nachagua mkono

Msimu wa harusi ukianza tu, swali ni lile lile: "Dada, ile mashine ya kupuliza unayo?" Anauliza bibi harusi mwenyewe, anauliza matroni, anauliza shangazi anayelipa, na siku hizi anauliza hata mwenyekiti wa kamati, maana anataka kujua aweke shilingi ngapi kwenye bajeti.

Ninayo. Naijua, naitumia, na pale inapofaa naipenda sana. Lakini kwa wengi wanaokaa kwenye kiti changu hapa Mbeya, hasa miezi ya baridi, jibu langu ni kwamba nitakupamba kwa mkono. Naandika haya kwa sababu naona mabinti wanatozwa fedha nyingi kwa kitu ambacho ngozi zao za mwezi wa saba haziwezi kukibeba, na kikiharibika wanaambiwa tatizo ni ngozi yao. Hilo linaniuma.

Tuanze na mashine yenyewe, maana wengi wanaiagiza kabla hawajaiona ikifanya kazi. Ni kompresa ndogo ya kukaa mezani, mpira mwembamba wa kupitisha hewa, na kalamu ya chuma yenye kikombe kidogo. Mpambaji anadondoshea matone ya faundesheni nyepesi, yaani rangi ya kusawazisha uso, kwenye kikombe. Akibonya na kuvuta kifyatuo, hewa inapita, sindano iliyo ndani inarudi nyuma, na rangi inatoka ikiwa imegeuka mvuke wa matone madogo mno. Kalamu haigusi uso. Inashikwa mbali kidogo, inazungushwa bila kusimama mahali pamoja, na rangi inajengwa tabaka juu ya tabaka. Juu ya ngozi laini, yenye unyevu wake, isiyo na mabaka, sioni brashi inayoweza kushindana nayo kwa wepesi. Ngozi inabaki ngozi. Sifa hiyo siipingi.

Ila kalamu hii haikubuniwa kwa ajili ya uso. Ilianzia Marekani miaka ya 1870, kwa mtu aitwaye Abner Peeler, na Charles Burdick akaiboresha miaka ya 1890. Kazi yake ilikuwa kuchora na kurekebisha picha kwenye karatasi. Karatasi imetulia, ni bapa, haitoi jasho, haicheki, haipauki. Miaka mingi baadaye, kamera za televisheni zilipoanza kuonyesha kila kitundu cha ngozi, wapambaji wa Hollywood wakaikumbatia kwa sababu rangi nene ya zamani ilikuwa inaonekana wazi kwenye skrini.

Na hapa kuna jambo ambalo natamani kila binti anayeulizia mashine alijue. Lile sponji la umbo la yai, ambalo leo unalipata hata kwenye meza za vipodozi pale Mwanjelwa, lilitokana na tatizo hilo hilo. Rea Ann Silva, mpambaji wa Marekani, alikuwa akipamba waigizaji weusi wa tamthilia iliyorekodiwa kwa kamera hizo kali, na akawa anakata masponji ya kawaida kwa mkasi kuondoa kingo zake, ili apate kwa mkono ule ulaini wa kupuliza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akalitoa sokoni kwa jina la Beautyblender. Kwa hiyo mpambaji anayelijua sponji lake hajabaki nyuma. Anafanya kitu kilichobuniwa makusudi kuifikia mashine.

Sasa turudi kwetu. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na Makete usiseme. Kuanzia Juni mpaka Agosti asubuhi zinashuka chini ya nyuzi 10, mvua hakuna, upepo unatembea na vumbi. Aliyekulia huku haambiwi maana yake: midomo inapasuka, miguu inapauka, na usoni, pembeni mwa pua, kwenye kidevu na katikati ya nyusi, ngozi inaanza kubanduka magamba madogo ambayo kwenye kioo huyaoni. Pitisha kidole, utayahisi. Pulizia rangi juu yake, utayaona yote.

Sababu yake inaeleweka. Tone la mashine linatua pale linapoangukia. Likiangukia kwenye gamba lililonyanyuka, linalipaka rangi gamba hilo likiwa limenyanyuka vile vile, na hakuna kitu kinachoshuka kulilaza. Ukipuliza tabaka la pili kuficha, unaongeza rangi juu ya kinundu. Ikishakauka huwezi kuisambaza tena, maana imekwisha kushika. Sponji lililoloweshwa likakamuliwa linafanya kazi tofauti kabisa: linakandamiza, linalaza gamba, linaacha unyevu kidogo, na linanyonya rangi iliyozidi. Kwa ngozi kavu, kule kugusa ndiyo tiba yenyewe.

Niseme ninavyofanya mwezi wa saba. Tunaanza saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ibada ni saa nne na bado kuna nywele na gauni. Binti anaingia mashavu yakiwa ya baridi kabisa. Ananawa maji ya uvuguvugu, si ya moto, kisha namfuta kwa kitambaa laini nikizunguka pua taratibu. Napaka losheni nyingi, mafuta ya mgando kwenye midomo tu, halafu uso nauacha. Nashughulika na nyusi, naweka wanja, napaka rangi za juu ya jicho. Dakika 15 zikipita losheni imeingia, iliyobaki naikandamiza kwa tishu. Faundesheni ya kijiti alfajiri hiyo imekuwa ngumu haitoki, kwa hiyo naikata kidogo kwa kijiko cha chuma na kuisugua mgongoni mwa mkono wangu mpaka ilainike. Hapo hapo mgongoni mwa mkono ndipo ninapochanganyia: kidogo cha rangi yenye wekundu, kidogo cha yenye umanjano, najaribisha kwenye taya, nashusha shingoni, natazama dirishani siyo kwenye taa. Joto la mkono linasaidia sana. Kikombe cha chuma cha kalamu hakina joto hilo.

Rangi ndiyo sehemu inayonifanya niwe mkali. Mtu mweusi hana weusi mmoja. Paji la uso lina kivuli chake, mashavu yana kingine, kuzunguka mdomo ni kingine kabisa. Kampuni za vipodozi zilichelewa mno kulitambua hilo. Mpaka Fenty Beauty walipotoka mwaka 2017 na rangi 40 za faundesheni, dunia nzima ilishangaa kana kwamba sisi ndiyo kwanza tumezaliwa. Kwa upande wa matone ya mashine, mizigo inayofika huku mara nyingi imejaa rangi za watu weupe, na za kwetu ni chupa mbili tatu. Unaweza kuchanganya, ndiyo, mradi usichanganye ya silikoni na ya maji, maana hazielewani na kalamu itaziba. Lakini mpambaji asiye na chupa sahihi anachukua iliyo karibu, na iliyo karibu huwa imejaa rangi nyeupe ya titani ambayo juu ya ngozi nyeusi inageuka kijivu. Binti anatoka kama aliyepakwa majivu, na kwenye picha za fleshi ndiyo balaa zaidi.

Halafu kuna nyuso zilizopitia krimu za kung'arisha. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, lakini kazi iliyokwisha kufanywa nazo naiona kila wiki: mashavu mekundu, mabaka meusi juu ya kitako cha shavu, shingo na vidole vyenye rangi yao tofauti. Simlaumu binti, aliambiwa na watu anaowaamini kwamba weupe ndiyo uzuri. Ila ukweli wa kazi ni kwamba tabaka jembamba la kupuliza haliwezi kusawazisha mabaka hayo peke yake. Lazima kwanza upake rangi ya machungwa kwa brashi, uikaze kwa kidole, uweke konsila ya kuficha madoa, ndipo upulize. Mpaka hapo nusu ya kazi imekwisha kufanywa kwa mkono, na mteja ameandikiwa bei ya mashine.

Machozi nayo. Sendofu ya huku mzazi anashika maikrofoni anaanza kumuaga mwanae, na ukumbi mzima unalia. Mekapu ya silikoni inavumilia machozi vizuri, hilo nakubali bila ubishi. Ya maji inachora mstari mpaka kidevuni. Zote mbili zina shida moja: binti akijifuta kwa kiganja, kama tunavyofanya wote tukilia, panabaki kidonda cha rangi chenye kingo, na cha kukiziba ni kompresa iliyobaki saluni. Aliyepambwa kwa mkono, matroni anachomoa tishu, anakandamiza, anagusisha sponji, anaweka pauda kidogo, wanaendelea kukata keki. Ndiyo maana kila bibi harusi wangu anaondoka na kimfuko cha vitu hivyo.

Umeme sitauzungumza sana. Tuliopamba watu kipindi cha mgao wa mwishoni mwa 2023 tunajua ilivyokuwa. Kuna mashine za betri, na mwenye ya ukutani anaweza kuwasha jenereta. Basi.

Wapi nakubali mashine bila kusita? Kyela. Binti wa Mbeya anayeolewa Kyela anapambwa kwenye baridi ya Uyole, anashuka na msafara kupitia Tukuyu yenye mvua na ukungu, anafika kando ya Ziwa Nyasa kwenye mita 500 hivi, joto na jasho. Hapo ya silikoni inafanya kazi yake kweli kweli, hasa kwa mwenye ngozi ya mafuta, maana haiyeyuki kirahisi na haihamii kwenye gauni jeupe. Mabega na mgongo kwa gauni la wazi, pia mashine: kupaka mgongo mzima kwa sponji ni kazi ndefu na mara nyingi inaacha michirizi. Na mwenye chunusi mbichi zinazouma, kalamu isiyogusa ni huruma kwake. Mwenye pumu, hapana. Ule mvuke unaambiwa ufumbe macho na kuzuia pumzi, na hakuna anayezuia pumzi muda wote huo.

Kuna jambo moja wapulizaji wanatushinda, na wenzangu wa sponji tulisikie. Ni usafi. Nimeona masponji yaliyopita kwenye nyuso za msafara mzima wa wasimamizi bila kuoshwa, na lipstiki ikitoka kwenye mdomo wa huyu kwenda kwa yule. Huo si upambaji, ni kugawa magonjwa. Sponji la mtu ni la mtu. Linunuliwe jipya, lifunguliwe mbele yake, aende nalo nyumbani. Lipstiki ichotwe kwa kijiko kidogo ipakwe kwa brashi safi. Tukifanya hivyo hoja yao inaisha, ingawa kalamu yao nayo isipooshwa kila baada ya mteja inabaki na mabaki ya jana kwenye sindano.

Kuhusu bei, ninayo sababu ya kutopenda neno "saa 24" linalobandikwa kwenye matangazo. Kinachofanya mekapu idumu ni ngozi iliyoandaliwa, mafuta yaliyodhibitiwa, na pauda iliyokazwa pale panapong'aa tu. Nimeona kazi ya mkono ikirudi saa sita usiku ikiwa imekaa, na ya mashine ikipasuka pembeni mwa pua kabla ya picha za mchana. Mteja anayelipa zaidi aambiwe analipia nini: anatumiwa ya maji au ya silikoni, chupa za rangi yake zipo ngapi, na nani ataambatana naye ukumbini. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi nataka tu nimtambue binti yangu akitoka." Hilo ni agizo zuri kuliko jina la mashine yoyote.

Na kama moyo wako bado uko kwenye kupuliza, omba majaribio, lakini uyaombe sawasawa. Jaribio la Machi kwa harusi ya Julai halikuambii kitu, maana ngozi ya masika si ngozi ya kipupwe. Lifanye wiki mbili kabla, asubuhi na mapema, upambwe uso mzima mpaka shingoni. Kisha usinawe. Nenda sokoni, kaa juani, kula chakula cha mchana, cheka na watu, pandisha kidogo mlimani upigwe na upepo. Saa kumi na mbili jioni rudi kwa mpambaji wako, mtazame pamoja pembeni mwa pua na chini ya macho mkiwa dirishani. Akisema hana muda wa kukuona jioni hiyo, usimwachie arubuni.