Goti na upepo wa Raskazone

Ndugu mwandishi, umesema mashine ya kukimbilia ya jimu ni bora kuliko barabara kwa kuwa mkanda wake unanepa. Kwa mwenye goti bovu nakubali, lami hainepi. Ila upepo hukuutaja! Nje unausukuma kwa kifua. Kwenye mashine uko palepale, hakuna upepo wa kusukuma, ndiyo maana wakimbiaji wengi huinua mwinamo wa mkanda hadi asilimia 1 ili kuufidia.

Mimi hapa Tanga natoka Bombo baada ya swala ya alfajiri, naenda Raskazone kwa miguu, bahari kushoto, kisiwa cha Toten kikianza kuonekana. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki kwa mwendo wa wastani. Nusu saa kwa siku 5 unazipata, na hulipi ada.

Mama yangu ndiye ninayemhofia. Ana kisukari, nyayo zina ganzi, hahisi jiwe wala kigae cha chupa, na bodaboda wa alfajiri wanapita mbio. Huyo namlipia jimu kwa moyo mmoja, tena avae raba zinazomkaa vizuri, na akitoka azikague nyayo zake.