Nani ashike bisibisi?

Timu ya roboti ya shule ikirudi Mombasa mikono mitupu kutoka mashindanoni Nairobi, hukumu hutolewa kabla mabegi hayajashushwa. Baadhi ya wazazi husema atafutwe mhandisi, wa bandarini au wa chuo kikuu pale Tudor, awaundie watoto roboti ya kushindana. Wengine hukataa katakata: mtu mzima asiguse hata skrubu.

Hao wa kwanza wana hoja nzito. Ufundi wa pwani yetu umerithiwa hivyo hivyo. Mwanagenzi wa seremala wa majahazi hakupewa kitabu. Alikaa kando ya fundi, akatazama randa inavyokwenda, hadi mkono wake ukazoea. Mtoto wa miaka 12 ambaye hajapata kuona gia mbili zikikamatana sawasawa atajuaje kuwa zake zimekaa vibaya? Kumpa sanduku la vipande na kumwambia ajitafutie ni kumpotezea muhula mzima.

Tatizo ni kwamba roboti nzuri haitoshi. Katika FIRST LEGO League, mashindano ya roboti ya watoto wa shule, mchezo wa roboti, yaani roboti kufanya kazi zake mezani, huchukua dakika mbili na nusu, na ni robo tu ya hesabu ya ubingwa. Robo tatu zilizobaki ni usanifu wa roboti, mradi wa ubunifu na maadili ya timu, na huko waamuzi huwahoji watoto wenyewe. Akiulizwa kwa nini mlichagua magurudumu makubwa, na aliyechagua ni mhandisi, mtoto atasema nini?

Tena makosa yanayoangusha timu ni madogo, na hayaonekani ila kwa kurudia. Programu inayoamuru mota izunguke sekunde mbili huifikisha roboti mbali betri ikiwa imejaa, na huiacha njiani betri ikishuka. Bora kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Kihisi cha rangi kilichopimwa dirishani kwenye jua la saa saba mchana kitasoma mstari ule ule tofauti chini ya taa za ukumbi. Dawa yake ni kuendesha kazi moja mara 10, kuandika imefaulu mara ngapi, kubadilisha kitu kimoja tu, kisha kuanza tena. Hakuna mhandisi wa Jumamosi moja awezaye kuwafanyia watoto kazi hiyo.

Kwa hiyo mimi ningemwita mhandisi, na mapema. Aunde mkono wa roboti mbele yao, aeleze kila kiungo, kisha aufumue wote kabla hajaondoka. Watoto waunde mkono wao. Utakuwa dhaifu kuliko wake, na huenda wakashindwa na shule iliyoundiwa. Hasara hiyo ni ya kweli, na inauma zaidi kwa wazazi waliochanga nauli ya treni, lakini ningeikubali. Roboti ikigoma katikati ya meza saa ikiendelea kuhesabu, wanaoruhusiwa kuishika ni watoto peke yao.