Shada la Uholanzi na kikuba cha Lamu

Sisi wahamiaji tunaoishi Uholanzi hupita kila siku mbele ya mawaridi yaliyokatwa Naivasha, huyanunua pamoja na mkate na maziwa, na wengi wetu tumeshaizoea desturi ya wenyeji ya kutokwenda nyumbani kwa mtu bila kumchukulia shada. Hata hivyo, tunapotaka kumfurahisha mama, shangazi au dada aliyebaki katika mji mdogo kama Lamu, tunaishiwa na maarifa. Ama tunatuma fedha kwa simu kama kawaida, ama tunaingia mtandaoni na kuagiza shada la Kizungu ambalo mpokeaji hakulizoea na hana hata chombo cha kulitia. Maoni yangu ni kwamba njia zote mbili zinaliruka jambo lililo wazi: Lamu ina maua yake, ina mafundi wake wa maua, na ina namna yake ya kuyafikisha mlangoni kwa mtu. Anayetaka kupeleka furaha huko na aanzie hapo.

Tuutazame kwanza mfumo wa huku, kwa kuwa ni mfumo wa kustaajabisha na sina nia ya kuubeza. Naivasha iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mchana hupata karibu saa kumi na mbili za mwanga mwaka mzima, jua likiwa kali na usiku ukiwa wa baridi, hali inayolipatia waridi bua refu lililonyooka na kichwa kikubwa. Hukatwa kabla halijafunguka, hutiwa katika chumba cha baridi, husafirishwa kwa lori lenye jokofu hadi uwanja wa ndege wa Nairobi, na muda si mrefu huwa angani kuelekea Ulaya. Mengi huishia Aalsmeer, karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, ambako mnada huendeshwa kinyume na minada ya samaki tuliyoizoea pwani: bei huanzia juu na kushuka kwa kasi kwenye saa kubwa, na anayebonyeza kitufe kwanza ndiye anayechukua mzigo. Siku hizi wanunuzi wengi hawaji hata ukumbini, bali hubonyeza kutoka kwenye kompyuta zao. Ndani ya siku chache tangu kukatwa, waridi hilo limo ndooni kwenye duka la mtaani kwangu, likiwa na ahadi ya maandishi kwamba litadumu siku 7 bila kunyauka.

Udumu huo una gharama yake, na gharama hiyo imelipwa kwa harufu. Kwa miaka mingi wazalishaji wamechagua aina zinazostahimili safari na kukaa muda mrefu majini, na aina hizo kwa kawaida zina harufu hafifu au hazina kabisa. Mholanzi halalamiki, maana kwake ua ni kitu cha macho: huliweka dirishani, pazia likiwa wazi, ili hata mpita njia alione. Mwanamke wa Lamu akipewa waridi, jambo la kwanza atakalolifanya ni kulipeleka puani, na hapo zawadi yote inaporomoka. Atashukuru, bila shaka, kwa kuwa tumefundishwa kushukuru, lakini moyoni atajiuliza ua hili lina kazi gani.

Tofauti nyingine iko katika kazi ambayo ua limepewa kati ya watu. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi wa umri mkubwa, huletewa shada kila Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei, kutoka kwa mwanawe anayeishi mwendo wa saa moja kwa treni. Shada huja, mwana haji. Siku hizi hata mletaji si lazima abishe hodi, kwa sababu kuna maua yanayopangwa katika boksi bapa linalopita kwenye tundu la barua la mlangoni, na mpokeaji huyakuta sakafuni pamoja na bili ya umeme. Bibi huyo hufurahi kwa dhati, na hunionyesha kila mara, kwa hiyo siwezi kudai kwamba maua yake ni bure. Ninachosema ni kwamba huku ua limeruhusiwa kusimama mahali pa mtu, na kwetu halijapewa ruhusa hiyo. Zawadi ya Lamu huja na mtu aliyeibeba, naye huketi, huulizwa hali, hunywa kahawa, na hutoa salamu kamili kabla hajaondoka. Mhamiaji akiondoa sehemu hiyo, amekata nusu ya zawadi yake hata kama maua yenyewe ni mazuri namna gani.

Wazo la kupeleka maua mbali bila kuyasafirisha lina umri mkubwa hata huku Ulaya. Mwaka 1908 muuza maua wa Berlin aitwaye Max Hübner alianzisha ushirika wa wenye maduka waliokubaliana kwamba oda ikipokelewa katika mji mmoja, itatimizwa na mwenzao wa mji wa pili kwa maua ya hukohuko, kisha hesabu zisawazishwe baadaye. Hicho ndicho chanzo cha Fleurop ya leo, mtandao wa maduka ya maua. Utaratibu huo ni wa busara sana, ila unahitaji kuwapo kwa duka la maua katika mji wa pili, na unahitaji anwani. Fomu ya mtandaoni hudai jina la barabara, namba ya nyumba na msimbo wa posta. Msimbo wa Lamu upo, nao ni 80500, lakini ni wa masanduku ya barua, na mama zetu wengi hawana sanduku. Katika mji wa kale nyumba hutambulikana kwa mwenyewe, kwa msikiti ulio karibu nayo, au kwa kuwa iko upande wa Mkomani au wa Langoni. Shada linalotoka Mombasa litapanda basi hadi Mokowe, litavuka kwa boti, kisha litabebwa kwa miguu katika vichochoro ambavyo gari halipiti, na yote hayo katika joto la pwani, baada ya kuishi ndani ya jokofu tangu siku lilipokatwa. Mtu aliyelipa yuro zake kwa picha ya shada lenye rangi saba hataki kuiona hali ya shada hilo likifika.

Sasa tazama kilichopo Lamu kwenyewe. Asumini huchumwa jioni ikiwa bado matumba, kabla haijachanua. Mtungaji huketi uani na sindano na uzi, akayatunga matumba hayo moja baada ya jingine kwa mkono uliozoea, na kufikia usiku yameanza kufunguka yakiwa tayari kwenye nywele au shingoni mwa mvaaji. Nyumba nzima hunukia usiku huo, na kesho yake asubuhi yamegeuka rangi ya kahawia. Kikuba kina mambo zaidi: asumini, mrehani, vipande vya mkadi, na kilua kikipatikana, vyote hufungwa pamoja na kubanwa kwa pini kifuani. Kilua kina harufu nzito inayokaa, na mti wake, ambao ni wa misitu ya pwani yetu, umeingia katika vitabu vya wataalamu wa mimea kwa jina la Mkilua fragrans, heshima ambayo wauzaji wa Aalsmeer hawajaisikia. Mawaridi nayo yapo, lakini huthaminiwa kwa marashi yake: wakati wa Maulidi watu hunyunyiziwa marashi ya mawaridi kutoka kwenye mrashi huku udi ukifuka katika chetezo. Kitanda cha maharusi hutandazwa asumini. Mwanamke aliyejifunika buibui haonekani ua lake njiani, lakini linajulikana lipo kwa kila anayepishana naye.

Kwa hiyo ukiniuliza shada la kuchangamsha moyo ni lipi, nitakujibu kwamba kwa Lamu ni lile linalokufa asubuhi. Hakuna kampuni inayoweza kulisafirisha, na hilo silioni kuwa kasoro. Wa mbali hana njia ya kulipeleka isipokuwa kumtegemea mtu wa karibu, na fundi wa karibu ndiye anayelipwa.

Utaratibu wake si mgumu hata kidogo. M-Pesa imekuwapo Kenya tangu mwaka 2007, na kutoka Ulaya fedha zinaingia katika simu ya mtungaji kabla hujamaliza chai yako. Kinachohitajika ni ndugu mmoja au jirani atakayekuunganisha naye, maana hawa ni kina mama wanaofanya kazi hii majumbani mwao, hawana bango wala tovuti. Utamtumia ujumbe wa sauti, utamwamkia kwa shikamoo ikiwa amekuzidi umri, utajitambulisha wewe ni mtoto wa nani, na utamwambia nyumba unayoikusudia. Yeye atakuuliza maswali ambayo fomu ya mtandaoni haiulizi. Atataka kujua ni zawadi ya nani kwa nani, kwa sababu kikuba kinachotoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke asiye mkewe wala ndugu yake si salamu, ni kashfa. Atataka kujua kama mpokeaji ana msiba, kwa sababu mjane aliye edani hajipambi wala hajitii manukato kwa miezi minne na siku kumi, na kumpelekea asumini katika muda huo ni kumwonyesha kwamba hukumbuki kilichompata. Kwa mama aliyekwisha kuwa mtu mzima na anayeona haya kuvaa maua, atashauri asumini zisizotungwa, za kuwekwa katika kisahani kando ya kitanda au juu ya mto. Ujuzi huo wote unaupata kwa bei ambayo huku Uholanzi hainunui hata karatasi ya kufungia shada.

Najua wapo watakaosema kwamba fedha ya maua ni bora iwe ya unga. Hoja hiyo naiheshimu pale ambapo unga haupo. Katika nyumba yenye njaa, maua ni dhihaka. Lakini wengi wetu tunatuma fedha kila mwezi, za karo, za dawa, za paa linalovuja, na kwa miaka mingi kila mawasiliano yetu na nyumbani yameanza na haja na kuishia na risiti. Mama akisikia simu imeita kutoka Ulaya, huanza kupiga hesabu za matumizi kabla hajaitika salamu. Maua hayana hesabu ya kupigiwa. Hawezi kuyagawa kwa wajukuu, hawezi kuyaweka akiba, wala hatalazimika kukueleza ameyatumiaje. Kwa sababu hiyohiyo siupendi mtindo ulioingia mijini wa kukunja noti zikafanana na mawaridi na kuzifunga kuwa shada: mpokeaji analazimika kubomoa zawadi yake ili aitumie, na wageni wote wameshazihesabu kwa macho. Maua ya plastiki yaliyojaa juu ya makabati ya sebuleni nayasamehe, kwani angalau hayamwahidi mtu kitu.

Kuna jambo moja la Waholanzi ambalo ningependa tuliige bila kulibadilisha. Hawasubiri harusi wala sikukuu. Mwanamume hutoka kazini Ijumaa akiwa na maua mkononi, hakuna anayemcheka na hakuna anayemuuliza amekosa nini. Kwetu asumini imefungamanishwa mno na harusi, Idi na mume aliyerudi safari, kiasi kwamba mwanamke asiye na shughuli yoyote anaweza kukaa mwaka mzima pasipo mtu kumpelekea ua. Mhamiaji ana nafasi nzuri ya kuivunja desturi hiyo, kwa kuwa yuko mbali na watu wamezoea kumsamehe mambo mageni. Agiza Jumanne isiyo na maana yoyote, umwambie mtungaji kwamba hakuna tukio, ni salamu tu. Atakuuliza mara mbili, kisha atatunga.

Mambo ya saa yasikuponyoke: Kenya iko mbele ya Uholanzi kwa saa moja majira ya kiangazi na saa mbili majira ya baridi, na kwa kuwa matumba huchumwa jioni, oda inayotumwa baada ya wewe kumaliza chakula chako cha mchana imechelewa. Mchagulie mletaji mtoto anayejulikana na nyumba hiyo, na fedha yake ilipwe mbali na ya maua, asije akaombwa kuyabeba maua kama msaada. Siku za kuelekea Idi na msimu wa harusi watungaji hujaza oda mapema na asumini huwa haba, kwa hiyo wakati huo zungumza naye wiki nzima kabla, au subiri sikukuu ipite.