Mwalimu Mkuu Alivyopauka

Stoli yangu iko orofa ya pili katika jengo moja la River Road, ambalo mwenyewe aliligawa kwa mbao hadi kila mpangaji akabaki na nafasi ya kunyoosha mkono mmoja. Kwangu mna printa, mashine ya kubania vikombe na kiti. Upande wa pili wa ubao mna saluni, na mwenye saluni hiyo sote tunamwita Mama Saluni.

Walimu wa shule moja ya msingi waliniagiza vikombe 60 vyenye picha ya mwalimu wao mkuu, aliyekuwa akistaafu Ijumaa. Picha ilikuwa safi: suti ya samawati iliyokolea, tai nyekundu, na uso wenye ule ukali wa mtu aliyezoea kuwakabili watoto waliochelewa gwaride. Jumatatu saa nne asubuhi nikaichapa, nikaifunga kwenye kikombe kwa tepu isiyoungua, nikabana mashine kwa nyuzi 190 na kusubiri dakika tatu. Kengele ilipolia nikafungua, na mwalimu mkuu akatoka kama mtu anayetazamwa kupitia neti ya mbu. Suti ilikuwa ya kijivu, tai ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ukali wote ulikuwa umemtoka.

Katibu wa kamati alipopita saa sita alikiinua kikombe, akakigeuzageuza penye mwanga wa dirisha, kisha akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Kaka, sisi tulikuambia mwalimu anastaafu. Nani alikuambia amefariki?"

Ieleweke kwamba wino wa sablimesheni ni wino wenye aibu. Ukiwa juu ya karatasi huonekana umechujuka, nao huchangamka pale tu unapopata joto la kutosha, la kiasi cha nyuzi 180 hadi 200, ndipo unapogeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza na kuzama katika utando wa poliesta uliopakwa juu ya kikombe. Joto lisipotosha, sehemu kubwa ya wino hubaki palepale kwenye karatasi. Na kweli, karatasi niliyoibandua ilikuwa bado na mwalimu mkuu karibu mzima, ametulia na tai yake. Ushahidi ulikuwa mkononi mwangu, nami nikaukunja nikautupa kwenye pipa.

Badala yake nilimshuku muuzaji wa vikombe, kwamba ameniuzia vikombe vya kawaida visivyo na utando, ambavyo picha yake hutoka siku ya kwanza ya kuoshwa. Nilikisugua kimoja kwa sabuni na sponji hadi vidole vikaniuma, lakini mwalimu hakubanduka. Alikuwa amepauka, ila cheo hakukiachia. Nikahamia kwenye printa, nikasafisha hedi yake mara tatu, shughuli ambayo hunywa wino kama ngamia. Jumanne saa saba mchana nikakata shauri, nikapandisha joto hadi nyuzi 215 na muda hadi dakika saba. Safari hii mwalimu mkuu aliungua: nyeusi ikawa hudhurungi, kingo za picha zikavujiana, na masharubu yake yakaenea hadi masikioni.

Jambo lililonivuruga akili zaidi ni kwamba Jumatano nilifika alfajiri, nikarudia vipimo vyangu vya awali, na vikombe vitatu vikatoka vinang'aa kama vya duka la watalii. Ilipogonga saa tatu, kikombe cha nne kikapauka. Nikaanza kumfikiria vibaya jirani anayeuza viatu, ambaye daima hunisalimia kwa uchangamfu uliopita kiasi.

Alasiri hiyo niliamua kuikodolea macho namba ya joto badala ya saa. Kikombe baridi kinapoingia, namba hushuka, na hilo ni la kawaida. Ilishuka hadi 150, ikaanza kupanda, 154, 158, nami nikapanda nayo moyoni. Ndipo nikasikia sauti ya mteja ng'ambo ya ubao: "Mama, niongezee moto, huku kisogoni bado kumelowa." Swichi ikalia ta! Taa yangu ikasinzia. Namba ikasimama kwenye 158, ikatafakari kidogo, ikaanza kurudi ilikotoka.

Sote wawili tulikuwa tukivuta stima kwenye ekstensheni moja nyembamba, ambayo mimi mwenyewe niliipitisha chini ya ubao ili nikwepe gharama ya fundi. Fundi huyo alipokuja na mita yake alisoma volti 236 draya ikiwa imezimwa na 187 ikiwa inanguruma, akanieleza kwamba kwa kiwango hicho mashine yangu hupoteza zaidi ya theluthi ya nguvu zake, kisha akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyejitibu kwa majani. Waya mpya angeuleta Jumamosi. Kwa hiyo tangu Jumatatu, moto uliolipiwa na walimu ulikuwa ukikausha rola za watu.

Mama Saluni alikubali nifanye kazi kuanzia alfajiri hadi saa tatu, na tena saa ya chakula, kwa sharti kwamba nimtengenezee kikombe chenye picha yake. Vikombe 60 vilikamilika Ijumaa asubuhi. Katibu alikitazama kimoja, akanyoosha mgongo bila kujua, akasema, "Huyu ndiye. Ananitisha kama kawaida."

Mchana nikabana kikombe cha Mama Saluni. Dakika ya pili mteja aliingia na kichwa kinachochuruzika maji, na kabla sijapaza sauti taa ikasinzia. Nilimkabidhi kikombe kilichopauka huku nikimwomba radhi na kumwahidi kingine. Alikipeleka mbele ya kioo, akautazama uso wa kwenye kikombe, akautazama wake.

"Ukithubutu kukigusa," akasema. "Mikunjo yote imekwenda. Nataka vingine sita vya dada zangu, na vyote viwe hivi hivi."

Fundi alipoleta waya mpya Jumamosi, nilimwomba asiing'oe ile ekstensheni.